Magunia Arobaini ya Babu

3 Agosti

Mjukuu wangu,

Hujambo huko mjini? Sisi wazima, ila goti langu limeanza tena ubishi. Mwaka huu nimevuna magunia arobaini ya mahindi!

Haya, usikunje uso. Ni tisa. Arobaini nilimwambia yule binti wa maswali uliyemtuma. Alituhoji wazee wote kwenye benchi la kinu, mmoja baada ya mwingine, wote tukisikilizana. Fundi viatu akasema thelathini, na shamba lake ni la ukubwa wa mkeka! Ulitaka mimi niseme tisa? Kinyozi, baada yangu, akapaa hadi hamsini.

Babu yako

9 Agosti

Shikamoo Babu,

Pole na goti. Umenichekesha, kisha ukanitia wasiwasi.

Unajua kwa nini nilisomea uchumi wa kilimo? Kila mavuno uliuza mahindi kwa bei ya kutupa kwa sababu chumba chetu cha kuhifadhia kilivuja, halafu baadaye tukanunua unga kwa bei ya kuruka. Utafiti wangu wote ni huo. Sasa ripoti yangu ndiyo itakayoamua kijiji gani kijengewe ghala, na kwa namba zenu ninyi ni matajiri msiohitaji msaada! Binti atarudi tarehe kumi na tano, ahoji kila mtu nyumbani kwake. Najua wenzako wataona haya kukana namba zao. Anza wewe, Babu, tafadhali.

Mjukuu wako

2 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linakusalimu.

Kabla binti hajarudi, nilisimama mbele ya benchi nikasema, "Jamani, mimi ni tisa." Kinyozi akanitazama kama nimevua suruali. Kisha fundi viatu akakohoa: "Mimi saba. Na la saba halijajaa." Tulicheka hadi mwenye kinu akazima mashine aje kuuliza kuna nini.

Jana wamekuja watu wenye kamba, wanapima kiwanja cha ghala. Kinyozi anawaelekeza kama yeye ndiye aliyewaita.

Sasa, mama mtaalamu. Ulipokuwa darasa la pili uliacha mlango wazi, mbuzi wakamaliza gunia zima. Bibi yako nilimwambia ni panya. Mpaka leo anawalaani viumbe wasio na kosa. Kwa hiyo nakudai uongo wa gunia moja.

Nasikia mwanzoni mwa ripoti unaeleza ulikotoka. Huko kwenye majedwali acha tisa. Pale mbele, andika umelelewa na mkulima wa magunia kumi.

Babu yako