Kiti Alichokikalia Baba

Nyumbani Sakina, Ijumaa

Shangazi Fransiska,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Huku mvua imeshuka vizuri. Mparachichi ulioupanda umezaa mpaka matawi yameinama.

Mnada wa vyombo vya Baba ulifanyika. Kaka Ndesanjo anataka masofa mapya, maana nyumba ataipangisha kwa wageni, na mimi mdogo wake ningesema nini? Ilipoletwa ile sanamu ya shaba, yule ndege mbuni ambaye Baba alipewa na mzungu wa shamba la kahawa, Baba aliinua mkono. Unajua tangu apate kiharusi hawezi kusema. Alikuwa anakataza. Dalali akapaza sauti, "Mzee naye kapandisha dau!" Watu wakacheka, bei ikaongezeka, mbuni akaenda.

Kiti chake cha mninga walikiuza yeye mwenyewe akiwa amekikalia. Aliyekinunua ni kijana mwenye adabu, Shangazi, hata hasira sina pa kuipeleka. Aliinama akamwambia, "Shikamoo babu. Endelea kupumzika tu, nitakifuata Jumamosi."

Tangu hapo Baba hataki kuinuka. Namlisha hapo, analala hapo, na ule mkono wake mzima umekishika kiti, hauachii. Kaka kasema nimwinue mimi, kwa sababu mimi ndiye anayenisikiliza. Nimekaa miguuni pake tangu asubuhi na sijui nianzie wapi.

Kesho ndiyo Jumamosi. Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimeshamwinua.

Mwanao,
Anande