Dakika Nne

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jicho lililoingiwa na cheche za kuchomelea limeacha kuuma. Huku tunaendelea vizuri. Mama analalamikia magoti lakini ukimwambia akae kitako anakukasirikia. Wifi anazidi kupata nguvu. Binti yako ametimiza wiki tatu leo, ananyonya vizuri, na analala saa anazotaka yeye.

Ningeweza kukupigia simu. Tangu jana nimeishika nikaiweka chini sijui mara ngapi, maana najua ningelia kabla sijafika mbali, nawe ungebaki huko kambini unahangaika kuunganisha maneno. Kwa hiyo nakuomba utafute mahali ukae, usome mpaka mwisho.

Nilikwambia kwamba chuo chetu kimebadilisha utaratibu. Zamani mwanafunzi wa udaktari alikaa wodini wiki nane, akafanya mtihani, akapita. Siku hizi wiki si hoja. Kila kazi ina fomu yake: kushona kidonda, kutoa maji mapafuni, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Lazima daktari akuone kwa macho yake ukiifanya, ndipo aandike kama unaiweza peke yako au bado. Ukiandikiwa bado, unarudia, hata iwe mara kumi. Mimi niliyezoea kuongoza katika mitihani ya kuandika niliona kama nadhalilishwa.

Darasani tuna mwenzetu ambaye kabla ya chuo alikuwa fundi redio, ametuzidi umri sote. Tulimpachika jina la Bado, kwa kuwa fomu zake zilijaa neno hilo. Ile ya mtoto mchanga peke yake aliandikiwa bado mara nne. Kila mara alimshukuru daktari, akarudi chumba cha mazoezi kumpulizia mwanasesere wa mpira mpaka mlinzi aje na funguo. Tulimcheka sana, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu.

Siku wifi alipojifungua nilikuwa zamu wodi ya wazazi, pamoja na Bado. Kwa kawaida mtu hamhudumii ndugu yake, lakini asubuhi ile daktari wa watoto alikuwa chumba cha upasuaji na mkunga alikuwa mmoja. Mtoto alitoka saa nne na dakika kumi. Nakumbuka kwa sababu saa ya ukutani iko juu kabisa ya meza ya kuwapokelea watoto. Alitoka amelegea kama kitambaa kilicholowa, rangi yake sitaki kukueleza, na hakulia. Wakati huohuo wifi akaanza kutokwa na damu nyingi. Mkunga hakuweza kumwacha. Alimkata mtoto kitovu, akanipa, akasema, "Wewe umeshapitishwa. Mpumulishe."

Kaka, niliyajua yote. Ungeniamsha usingizini ningekutajia hatua zote bila kukosea. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, naye kimya. Nikachukua ile barakoa ndogo yenye mfuko, nikamwekea usoni, nikaminya. Hewa ikatokea pembeni mwa shavu. Nikaminya kwa nguvu zaidi, kifua hakikupanda. Nikabadilisha mkono, nikainamisha kichwa chake, nikakiinua, nikasahau nilikuwa nimefikia wapi. Nilikuwa nasikia sauti ya mfuko na sauti ya mkunga akimwambia wifi asifumbe macho. 

Bado alikuwa amesimama kando yangu na taulo. Aliniuliza mara moja kama anisaidie, nikaendelea kuminya. Hakuuliza tena. Alinisukuma kwa bega, akaninyang'anya mfuko, akakiweka kichwa cha mtoto sawa kama mtu anayenusa kitu, akabana barakoa kwa vidole viwili na kuanza kuhesabu kwa sauti. Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Binti yako alipolia, saa ilisema nne na dakika kumi na nne.

Mkunga aliposikia kilio aligeuka, akanikuta mimi ndiye niliyemshika mtoto, kwa kuwa Bado alikuwa amenikabidhi ili akimbilie damu ya wifi. Akanipongeza mbele ya wote. Mchana habari zilikuwa zimefika nyumbani kwamba shangazi mtu kamwokoa mtoto. Mama alinikumbatia mlangoni mpaka nikakosa pumzi. Halafu nawe ukaleta ujumbe kwamba mmekubaliana mtoto aitwe jina langu. Nikanyamaza. Bado naye alinyamaza, nadhani alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

Utauliza nilipitishwaje kazi nisiyoiweza. Sikupitishwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, daktari wa watoto alikuwa akitia sahihi fungu la karatasi za wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani, huku anaongea na simu. Niliichomeka fomu yangu katikati, nimeijaza mwenyewe kwamba naweza peke yangu. Akaitia sahihi pamoja na nyingine. Hajawahi kuniona nikigusa hata yule mwanasesere. Nilijiambia nitajifunza baadaye, kwamba ni karatasi tu.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Siku ile mkunga aliniambia niandike kwenye faili la mtoto muda aliochukua mpaka kupumua. Yeye hakuitazama saa. Mkono uleule ulioshindwa kubana barakoa haukutetemeka hata kidogo, nikaandika: dakika moja. Daktari alipokuja kumpima alisoma maneno yangu, akaridhika, akamruhusu kesho yake. Mtoto aliyekaa dakika nne bila kupumua hutazamwa kwa miezi mingi, kwa sababu ubongo unaweza kuwa umeumia na dalili zikachelewa. Wa kwako hakuna aliyemtazama, kwa sababu yangu.

Mtoto alipofikisha siku kumi na saba nilikwenda kwa daktari nikamwambia yote. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliitoa fomu akaipiga mstari, akasahihisha faili, kisha akasema na yeye atajipeleka mbele ya kamati, kwa kuwa alitia sahihi kitu asichokiona. Akataka mtoto aletwe Jumatano. Akanipa mpaka mwisho wa wiki kuwaambia wazazi, la sivyo angewaambia mwenyewe. Kamati imefuta fomu zangu zote. Sitahitimu na wenzangu, naanza upya kuanzia kushona kidonda. Bado naye, ukitaka kucheka kidogo, hakupewa sahihi kwa kumwokoa binti yako, maana hakuna daktari aliyemwona. Aliipata wiki iliyopita, kwa mtoto mwingine, daktari akiwa kando yake.

Jumatano daktari alimpima binti yako karibu saa nzima. Mikono na miguu inajikunja sawasawa, macho yanafuata mwanga. Alisema ni dalili njema lakini hatatoa neno la mwisho mpaka mtoto akae na atembee. Atamwona kila mwezi.

Wifi nilimwambia siku moja kabla ya hapo, chumbani kwake. Nilikuwa nimempakata mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mikono, akamchukua.  Kisha akaniambia nikuandikie, kwa kuwa yeye hawezi kukwambia.

Sikuombi unisamehe upesi. Jina la mtoto nawaachia nyinyi wawili, mkilibadilisha sitauliza. Ninachokuomba ni umpigie simu wifi ukimaliza kusoma, hata kama mimi hutanipigia. Kliniki ya mwezi ujao ni Jumatano ya kwanza. Wifi amesema naweza kuwasindikiza, ila mtoto atambeba mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Naye nitamwambia leo, akitoka kuoga. Tunza jicho lako, vaa miwani hata ukiwa na haraka.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye.