Pamba ya Baba Kabula

Kharumwa

Dada Mwanaidi, shikamoo. Nimefika salama, ila udongo mweusi wa huku umeshameza soli ya kiatu changu kimoja.

Hapa nimemkuta Kabula, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, aliyepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea lugha. Baba yake alikuwa amekataa. Nani atapalilia pamba?

Leo asubuhi wasichana wa kikundi chake cha kulima wameingia shambani wakiimba, bila kuitwa. "Mpaka Kabula arudi, hii pamba ni yetu," kiongozi wao akamwambia mzee. Kabula mwenyewe alikuwa katikati ya safu, akilima kama wenzake. Mzee akamnyang'anya binti yake jembe na kushika nafasi yake.

"Baba Kabula, tunakuacha!" wakamzomea. "Tukuletee kiti?"

Akacheka, akaongeza mwendo. Yalipoletwa matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, alikuwa bado nyuma, na Kabula akimpelekea maji.

Wasichana hawa nimewavulia kofia. Nibusie watoto, na siku ukipika wali niwekee ukoko.

Mdogo wako, Saidi