Ndevu za Baba

Machi 4

Dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini mguu wako umepata nafuu na baba anakula. Mimi sijambo, ila kichwa kimenivurugika.

Tangu uniandikie kwamba baba ameanza kutusahau, nimekuwa nikifunga na kuomba. Nimemsamehe, dada, kabisa, toka moyoni. Yale ya siku aliyonitupia begi nje kwa sababu nilikataa cherehani yake nikachagua kunyoa watu, yamekwisha. Nia ya kuja ninayo. Ila kila nikitaka kufunga saluni nije, amani inanipotea. Sasa sielewi: ni Mungu ananiambia nisubiri, au ni mimi mwenyewe? Niombee nipate amani.

Jumamosi vijana wa kanisa tulikwenda hospitali kuwanyoa wagonjwa bure. Baraka tupu!

Mdogo wako

Machi 15

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mguu bado unauma, asante kwa kuuliza. Baba anakula, halafu nusu ya chakula inabaki ndevuni, na hapo ndipo penye kazi.

Ndevu zimefika kifuani. Chini yake ngozi imechubuka na inatoa maji. Nikishika wembe anafunika uso kwa mikono yote miwili. Nilimleta kinyozi wa sokoni, akamrushia kikombe. Nesi anasema pasiponyolewa pakasafishwa kila siku, kidonda kitamlaza kitandani na huenda asiinuke.

Umemsamehe moyoni? Hongera. Sasa huo moyo wako nimpake kidevuni? Ebo! Unanyoa baba za watu hospitalini, na wako kidevu kinamuoza. Mimi nina mume na watoto wananisubiri, na nimechoka, mdogo wangu. Siku hizi naomba huku naosha vyombo, maana nikipiga magoti nasinzia.

Njoo na wembe, nami nirudi kwangu nipumzike. Amani utaikuta huku, na usipoikuta shauri yake.

Dada yako

Machi 22

Dada,

Hamjambo? Mimi nipo nipo tu. Barua yako imenichoma. Nilikwenda kwa mchungaji nikamuuliza kama hii ni sauti ya Mungu au ni hasira za dada yangu. Akacheka, akaniuliza, "Kwani lazima uchague?" Sikumwelewa, na aibu ikanizuia kuuliza tena.

Nikifika akanifukuza mara ya pili, je? Amani sina hata chembe. Saluni nimemwachia mwenzangu, tiketi ni ya kesho. Huenda nikaitangulia barua hii.

Mdogo wako

Aprili 18

Dada,

Shemeji hajambo? Watoto wazima? Tangu uondoke sijapata nafasi ya kushika kalamu. Sisi tunaendelea.

Kidonda kimefunga. Ndevu nilizipunguza kwa mkasi, kila asubuhi kiasi anachokubali, ndipo wembe ukafuata. Kuna siku anatulia, kuna siku ananifokea, "Toka!" Basi natoka, nakaa mlangoni na beseni langu, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Maji yakipoa nayapasha, naingia tena. Hanijui, dada. Ananiita fundi.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya msamaha, nikamwambia siku ya kwanza kabisa. Akanijibu, "Sawa, fundi, usinikate tu." Nilitoka uani nikalia kama mtoto. Sasa nimemsamehe nani, kama yule aliyenifukuza hayumo tena? Na mbona hata siku ninazomnyoa nimenuna, sina ombi wala wimbo, kidevu kinapona vilevile? Nilidhani nikifika nitaelewa. Bado sijaelewa kitu.

Jana nikiwa nampaka sabuni akaniuliza, "Wewe una baba?"

Nikasema ninaye.

"Nani anamnyoa?"

Nikasema ni mimi.

Akanitazama sana, akanisukuma mkono polepole. "Basi mwanangu nenda kwake kwanza. Mzee asikae anakungoja. Mimi nitasubiri."

Nikamwambia acha nimalize hapa. Akafikiri kidogo, akainua kidevu.

Mdogo wako