Kijiko Chako Kipo, Baba

Ni mwaka mzima sasa tangu uliponing'iniza kijiko chako pembeni mwa tangi la samaki, ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Kijiko bado kipo, Baba. Tumekifunga upya kwenye kijiti chake kwa sababu uzi wa zamani ulikuwa umeoza. Mama hataki mtu mwingine akioshe.

Madirisha mengi ya mtaa huu yamepita mikononi mwako. Kila mtoto alipovunja kioo kwa mpira, mama yake alimburuta mpaka karakanani akilia, nawe ulimpa ashike ncha ya futi ya kupimia. Kabla hamjamaliza kupima, alikuwa ameshasahau kilio. "Kioo kazi yake kuvunjika," ulikuwa ukisema. "Kazi yangu mimi ni kutonuna."

Hakimu ulimleta nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, akiwa mdogo kama kidole gumba. Aliyekuuzia aliapa kwamba hatazidi hapo. Ni jamaa yao sato na perege, ulituambia, ila huyu si wa kikaango. Akala, akakua. Kila ulipomtengenezea nyumba, nyumba ikambana, mpaka ukakata vioo vinene na kuviunganisha kwa gundi, likatoka tangi refu kama kitanda. Na kitanda cha wageni ndicho kilichotoka sebuleni kulipisha.

"Sasa wageni watalala wapi?" Mama alikuuliza.

"Wageni huondoka," ukamjibu. "Huyu haondoki."

Alipoota nundu kwenye paji la uso na kuanza kumtazama kila aingiaye kana kwamba ana kesi ya kujibu, Mama mwenyewe ndiye aliyempa jina.

Hukusomea mambo ya samaki. Ulijifunza kwa kumtazama. Maji ya bomba uliyaacha pipani mpaka harufu ya dawa iishe, ndipo ukapunguza ya zamani na kuongeza mapya, taratibu, asishtuke. Ulimpa chakula cha punje, nyungunyungu wa chini ya karo, kamba wasiotiwa chumvi, na njegere ulizozimenya kwa kucha moja baada ya nyingine. Mkate hapana, nyama ya mafuta hapana. Jumapili hukumpa kitu, tumbo lipumzike, naye alikununia mpaka Jumatatu. Changarawe aliipanga mwenyewe, akichimba shimo huku na kujenga kichuguu kule, nawe hukumpangulia. Mwenzake hukumtia. Ulisema huyo ni kama mwenye nyumba wetu wa zamani, hawezi kukaa na mtu.

Majirani walikutania. "Fundi, huyo ataiva lini?"

"Siku utakayoiva wewe."

Mikono yako haikukosa chale za kioo, na maji ya tangi yaliziwasha. Ndiyo maana ukafunga kijiko king'aacho kwenye kijiti na kumlishia hicho. Hakimu akajua kwamba kinachong'aa juu ya maji ni chakula, akawa anakirukia kwa taya lile kama koleo. Sisi wote tulivua pete na saa kabla ya kugusa maji yale. Nyumbani kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida, kama kuvua viatu mlangoni.

Hayo unayajua. Yanayofuata yalianza ukiugua, yakaendelea baada yako, na tumeona ni haki yako kuambiwa. Wengine nao wakilisoma tangazo hili, wasome.

Ulipougua, tulikulaza sebuleni ili umwone Hakimu. Kila aliyekuwa na miguu alikuja kukujulia hali. Mdogo wako hakuja. Hoteli yake iko mwendo wa kutafuna muwa mmoja kutoka kwetu, lakini kila alipoitwa alisema ana wageni. Mama hakumsema. Mama si mtu wa kuhukumu haraka, unamjua. Alisema pengine anaogopa kukuona umelala.

Tulipokuzika, alikuja. Viti vya kukodi vilikuwa bado havijarudishwa. Akasimama mbele ya tangi, mikono nyuma, akawaambia waombolezaji: "Kaka alikuwa mtu mwema, ila akili zilipungua kidogo. Mtu mzima anakaa anaongea na kitoweo." Wengine wakacheka, kwa kuwa ni mwenye hoteli. Kisha akamgeukia Mama. "Shemeji, hili tangi litapendeza pale mapokezi kwangu. Kitu cha kaka ni kitu changu. Kesho naleta gari."

Mama alikuwa amekaa chini, macho yamevimba. Sisi tuliinuka. Akatuonyesha kwa kiganja tukae.

Kesho yake, vibarua walipokuwa wakiteka maji ya tangi, Mama alimweleza shemeji yake kila kitu. Maji yalale kwanza. Mkate asimpe. Asimchanganye na samaki wengine. Chini ya tangi iwekwe sponji, kioo kisikae juu ya vigae vitupu.

"Shemeji, mimi nalisha hoteli nzima," mdogo wako akasema. "Nitashindwa na samaki mmoja?"

Mama akatia mikono mfukoni. Kijiko kilikuwa mfukoni mwa koti lako la kazi, lile la buluu, ambalo alikuwa amelivaa tangu asubuhi. Yale mengine alimwambia kwa sababu yalikuwa ya uhai wa Hakimu. La kijiko hakumwambia. Hilo lilikuwa lenu wawili.

Aliyemlea Hakimu kule ni dada wa mapokezi, binti mpole ambaye Mama alimfundisha kwa simu. "Mama, leo bosi ametia mkate." "Utoe, mwanangu." "Nimeshautoa." Siku nyingine mdogo wako alinunua samaki wadogo wa rangi ya dhahabu ili tangi lichangamke. Asubuhi hawakuwemo. Akamwandama mfagizi, akamwita mwizi, mpaka dada wa mapokezi akasema: "Bosi, hawajaibwa. Tazama tumbo la huyo mkubwa." Hakimu alikuwa ametulia pembeni, anamtazama.

Yote hayo Mama aliyasikia akavumilia. Kisha dada akampigia na neno jingine. "Mama, usikasirike. Bosi anawaambia wageni samaki huyu amemlea yeye mwenyewe tangu akiwa kama kidole. Na tangi anasema amelichora yeye, fundi mmoja akamkatia tu vioo."

Fundi mmoja, Baba.

Mama aliweka simu mezani. Alikaa muda mrefu akiangalia pale sebuleni ambapo tangi lilikuwa limesimama kama ukuta wa maji, pakiwa na alama ya miguu ya meza yake sakafuni. Tukamwambia twende tukamtoe huyo mtu meno. Akasema: "Tulieni. Baba yenu mdogo huyo anapenda kuonyesha watu vitu. Na pete haivui hata akilala." Siku zile alikula vizuri kuliko alivyokula tangu msiba.

Haikuchukua muda. Mchana mmoja walikuja wazee wa familia mbili kutazama ukumbi wa harusi. Mdogo wako alikuwa ndani ya suti nyeupe. Akawasogeza kwenye tangi, akafungua kifuniko. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Namlea tangu kidole. Tazameni anavyonijua." Akatumbukiza kidole chenye pete.

Hakimu alimjua kwa jinsi ulivyomfundisha wewe. Alipanda kama jiwe lililorushwa kutoka chini, akakamata. Mdogo wako akapiga ukelele ambao dada wa mapokezi anasema hajawahi kuusikia kwa mwanamume mwenye tai. Akavuta, kidole kikachomoka mdomoni, pete ikabaki. Hakimu akaionja, akakuta si nyungunyungu, akaitema kwenye shimo lake, akakaa juu yake.

Mdogo wako akaagiza koleo la jikoni. Nalo linang'aa. Maji yakaruka, suti ikaloa mpaka magotini, koleo likamponyoka. Ndipo bibi mmoja kati ya wale wageni akauliza kwa upole: "Baba, si umesema ni mwanao? Mbona hakujui?"

Wakacheka mpaka wakaketi. Hapo ndipo simu ya Mama ilipolia. "Shemeji, njoo umtoe shetani wenu, nipate pete yangu."

Tulikwenda na pipa na gari la karakana. Mama alivaa koti lako. Wale wazee walikuwa bado wanakunywa chai, na hakuna aliyetaka kuondoka. Mdogo wako alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa cha meza.

"Mtoe basi," akasema.

"Nitamtoa," Mama akasema. "Kwanza uwaambie wageni ni samaki wa nani."

"Shemeji, mambo ya nyumbani haya."

"Uliyasema msibani mbele ya watu. Yaseme hapa."

Akatazama dari. "Ni wa kaka."

"Na tangi?"

"La kaka. Alilitengeneza kaka."

"Yule mwenye akili pungufu?"

Mdogo wako akainamia kidole chake. "Alikuwa na akili zake timamu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Bibi hapa nyuma hajasikia," Mama akamwambia.

Akarudia, Baba. Akarudia kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wateja wake na wafanyakazi wake na yule mfagizi aliyemwita mwizi.

Mama akatoa kijiko, akakishusha juu ya maji. Hakimu akaja polepole kama mtoto anayeitwa na mama yake, akaingia kwenye ndoo, kutoka ndoo hadi pipa. Tukateka maji, tukabeba tangi na changarawe yake. Mdogo wako akatufuata mpaka kwenye gari.

"Shemeji, na pete?"

"Pete iko ndani ya kitu cha kaka yako," Mama akamjibu. "Na kitu cha kaka ni kitu chako. Karibu nyumbani uichukue."

Hajaja. Ametuma watu wakiwa na maneno mazuri, tumewanywesha chai na kuwarudisha. Pete bado iko kwenye changarawe. Kuna siku Hakimu huizika, kuna siku huichimbua na kuihamishia upande wa dirisha, jua likaipiga, ikang'aa ukuta mzima. Mama huvuta kiti akaitazama. Tumemuuliza kama haijatosha. Amesema moyo wake unajua hesabu zake, utamwambia ukimaliza.

Maji yanalala pipani, Baba. Njegere tunamenya. Jumapili ananuna.

Tunaokukumbuka ni mkeo. Sisi wanao watatu na wake zetu. Dada yako, aliyekuogesha ulipougua. Wanafunzi wako wa karakana. Dada wa mapokezi, ambaye siku hizi anapokea wateja karakanani kwako. Na Hakimu, kwenye tangi lako, mahali pale pale.

Mdogo wako hatumtaji. Akisoma hapa, ajue mlango uko wazi mchana kutwa. Aje mwenyewe, akunje mkono wa shati, atumbukize. Kijiko hatumwazimi.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na ya msibani hatutayasahau.