Kambare wa Kusimuliwa

Mama Koku wangu,

Huku Bugomora senene wanaishia. Wamebaki panzi wachovu wa mwisho wa mvua, wanagonga taa ya mlangoni na kudondoka. Mkwe wetu kawajaza kwenye ndoo, nami asubuhi nimemwibia kiganja, kama nilivyokuwa nakuibia wewe, nikashuka nao mtoni Kagera. Miguu inagoma, mdomo bado mzima.

Unakumbuka ulivyonisema uliponiona mara ya kwanza natia senene kwenye ndoana? Mwanaume gani, ukasema, anampa samaki chakula cha watu. Nikakwambia minyoo ni ya wavivu. Senene unamtupa juu ya maji, bila risasi ya kumzamisha, unamwacha aelee kama aliyeanguka mwenyewe, na kambare akimwona hana akili tena. Ukajibu kwamba unamjua mwingine wa hivyo, na ndiye aliyekuoa.

Kichekesho ni kwamba kambare ni mwiko wa ukoo wetu, na mvuvi ni mimi. Ulikuwa ukimpika kwenye chungu chake peke yake, nyuma ya nyumba, mama yangu asipate hata harufu. Mama huyo huyo alishikilia kwamba mwanamke hali senene, nawe ukawa unawatafuna jikoni mlango umefungwa, halafu unatoka unafuta mdomo na kumpigia magoti, shikamoo mama. Wewe mwiko wako uliuvunja bila kutetemeka. Mimi wangu niliogopa, nikisema meno yatang'oka. Yameng'oka hata hivyo.

Basi ulikuwa unakula, mimi nimekaa pembeni, unanisimulia. Huyu ana ladha ya matope ya mafuriko. Huyu kashiba vizuri, mafuta yake yanaingia kwenye ndizi mpaka ndizi inajisahau. Ukifika kichwani unanyamaza, unanyonya, nami nangoja kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, mimi niliyeishia darasa la tatu. Ukimaliza unaniuliza, "Umesikia?" Nikisema nimesikia, unasema, "Basi umeshiba."

Tangu tukuzike, samaki nampa mkwe wetu. Binti mzuri, wa Muleba, ananiheshimu kupita ninavyostahili. Wiki iliyopita nilikaa karibu yake akila, nikamwuliza samaki yukoje.

"Mtamu, baba."

Mtamu vipi?

"Mtamu tu, baba. Asante."

Nikalala na njaa.

Leo kang'ata mkubwa, wa wale uliokuwa ukiwaita wazee wa kanisa kwa ndevu zao. Sijapata kama yeye msimu mzima. Nimemvuta mpaka majanini, tukatazamana, sote wawili tunahema. Kisha nikamtoa ndoana, nikamsukuma arudi. Usinune. Najua ungenisuta mpaka Pasaka. Sikumwachilia kwa huruma, huruma sina, unanijua. Niliona nikimpeleka nyumbani atakuwa mtamu tu.

Senene waliobaki nimewakaanga mwenyewe, na sasa nimekaa nao hapa kwenye migomba tulipokuzika, karibu na kichwa chako. Sikiliza. Wameungua upande mmoja. Chumvi imezidi. Miguu sikuitoa yote, inakwaruza koo. Lakini huyu mmoja, mnene, wa kijani, kapasuka mafuta ulimini, na mafuta yake yana utamu wa karanga mbichi, kisha moshi kidogo, kisha majani ya mvua.

Umesikia?

Basi umeshiba.

Mumeo, ambaye bado hajaonja kambare