Mzizi Mchungu na Ukaidi wa Mama Yako

Mpwa wangu Yunzhi,

Kosa la wengi ni kudhani kuwa mzizi wetu mchungu huua vijidudu vya tumbo. Uliniandikia kwamba katika maabara yenu dawa iliyomo kwenye mzizi huo haikuviua, bali ilizisaidia seli za utumbo kuvimeza zenyewe. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote na bado nachanganyikiwa. Seli za mgonjwa zikiwa zimechoka, zitasaidika vipi?

Hapa Shizhu tumemaliza kuchimba mizizi, na moshi wa kuikaushia umejaa kila nyumba. Paka wako amezaa kikapuni. Mama yako anaharisha damu, na homa haishuki. Vidonge alivyopewa hospitali kavifungia kabatini.

"Dada, meza dawa," nilimwambia.

"Mwalimu, darasa lako lilishafungwa. Binti yangu kasema mzizi unatosha, mwili utajisafisha."

Wewe ulizungumzia seli kwenye kisahani cha maabara, hukumzungumzia mama yako. Lakini miaka yote mzizi huo umemponya, sasa nimjibu nini? Mimi hanisikii, wewe anakusikia.

Mpigie simu leo, umwambie arudi hospitali.

Mjomba wako,
Tan Shoucheng